Parachichi la Baba Mkwe

Masukulu, Tukuyu
19 Februari 1995

Kwa Shangazi Felista,

Shikamoo Shangazi. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya huko Morogoro, na kile kikohozi cha mwaka jana kiwe kimekuachia kifua chako. Baba yangu, kaka yako, mguu umepona na ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo ujue amepona kweli. Mvua huku ni ile ile unayoijua, haina habari ya kupumzika.

Mama mkwe yuko Kyela tangu Krismasi, anamuuguza dada yake. Mume wangu Ackson amekwenda Chunya kuchimba dhahabu. Tangu chama cha ushirika kilipoacha kununua kahawa peke yake na wanunuzi wa watu binafsi kuingia, alisema haelewi tena kahawa ni ya nani, akafunga mzigo. Kwa hiyo hapa nyumbani nimebaki mimi, na mwenye nyumba ya juu. Unajua ninamsema nani. Jina lake mimi siwezi kuliandika.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Nina mimba ya miezi mitatu. Furahi, Shangazi, lakini furahi polepole, maana ile ya mwaka jana hata wewe uliifurahia na ikatoka. Kliniki nesi alinishusha kope la chini, akatazama, akaguna. Amesema damu yangu ni kidogo. Amenipa vidonge na kuniambia nile vizuri.

Nami nakula. Nala ndizi, na kila siku nala maparachichi, makubwa, yale yanayoyeyuka mdomoni. Wewe unayefanya kazi kitengo cha lishe hospitalini, niambie: parachichi linatosha? Naogopa kuipoteza na hii.

Nisalimie wote wanaonifahamu.

Mwanao,
Tulia


Morogoro
11 Machi 1995

Tulia mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya kwako na moja ya huyo aliyemo tumboni. Kikohozi kimekwisha. Jirani yangu Hadijah alininywesha tangawizi mpaka nikaona afadhali kukohoa. Mwambie kaka yangu amwache mbuzi wa watu.

Umeniuliza swali langu lenyewe, basi kaa chini usikilize. Parachichi ni tunda la heshima. Lina mafuta mazuri, linatia nguvu, linamfaa mama mjamzito, na hapa wodini tunawapondea watoto waliokonda na tunawaona wanajaa mashavu. Lakini wewe hukuambiwa umekonda. Umeambiwa huna damu. Damu inataka madini ya chuma, na kwenye parachichi chuma ni kiduchu sana. Unaweza kula parachichi ukanawiri ngozi, ukang'aa kama umepakwa mafuta, na kope lako la chini likabaki jeupe vile vile.

Mnavu sasa. Mnavu huo huo unaoota nyuma ya nyumba bila kupandwa, ambao wasichana wa siku hizi mnaupita kama hamkulelewa nao. Majani yake ya kijani yana chuma kuliko parachichi, yana vitamini A ya macho, yana chokaa ya mifupa ya mtoto. Mafuta hauna, na kushibisha haushibishi, ukila mnavu mtupu utaamka usiku unatafuta sufuria. Kwa hiyo sikuambii uache tunda. Mnavu uupike, parachichi ulipondee juu yake au ule pembeni, maana vitamini A bila mafuta mwili hauijui. Kamulia limau, au kula pera baada yake, ndipo chuma kitaingia vizuri.

Na chai! Najua nyie watu wa Rungwe mnazaliwa na kikombe mkononi. Chai ukinywa pamoja na chakula inakifunga chuma, kinapita tu. Kunywa chai yako mbali na chakula. Na vidonge vya nesi usiviache hata siku moja, mboga haiwezi kufanya kazi ya vidonge.

Niandikie unioneshe kwamba umetii.

Shangazi yako asiyependa kurudia maneno,
Felista


Masukulu
2 Aprili 1995

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nyingi, na mama Esnath, jirani yetu, aliyeniletea kutoka posta alitaka kujua kwa nini ninacheka. Nyumbani hawajambo. Ackson hajaandika.

Chai nimeiacha wakati wa chakula. Mapera ninayo. Vidonge nilimeza vikaisha, na nilipokwenda kliniki nikaambiwa hata kwao vimekwisha, nirudi mwezi ujao. Kuhusu mnavu, Shangazi, mwaka huu umeadimika. Naendelea na parachichi, linanishibisha. Kizunguzungu kipo lakini si kila siku.

Mkono unachoka kuandika. Uwe mzima.

Tulia


Morogoro
27 Aprili 1995

Tulia,

Mimi sijambo, Hadijah hajambo, salamu zimekwisha.

Mnavu umeadimika? Masukulu? Mwezi wa nne? Mvua imeacha kunyesha Rungwe tangu lini? Mtoto wa kwetu, usinidanganye mimi niliyekulia kwenye udongo huo. Mnavu kwetu hauadimiki, ukiusahau wiki moja unaota mpaka mlangoni. Kama umeona ni chakula cha maskini na wewe sasa ni mla parachichi, sema, nijue nina mwana wa aina gani. Hapa mjini nawaona wanawake wenye kucha zilizopakwa rangi wanainama kuchagua mchicha, wanaubembeleza kama kitambaa cha sherehe. Wewe nani?

Na kama ni uvivu, basi mwombe huyo baba mkwe wako, Mzee Jotham, akuchumie. Yuko hapo hapo juu, si mgonjwa, si kipofu. Mwambie tu: baba, damu yangu ni kidogo, nisaidie mboga.

Kizunguzungu si cha kuandika kwa mstari mmoja na kukimbia. Kipo mara ngapi? Moyo unadunda ukipanda kilima? Viganja vina rangi gani? Nijibu kama mtu mzima.

Barua zako sasa zipitishie kwa Bwana Yussuph, mwenye duka sokoni, anwani iko nyuma ya bahasha. Hospitali wamebadilisha utaratibu wa sanduku.

Nimekasirika kwa sababu ninaogopa.

Felista


Masukulu
28 Mei 1995

Shangazi,

Shikamoo. Baba mzima. Mama mkwe bado Kyela. Ackson bado Chunya, ametuma salamu tupu kwa mdomo wa mtu.

Viganja vyangu ni vyeupe. Moyo unadunda hata nikiwa nimekaa. Umetaka majibu ya mtu mzima, ndiyo hayo. Sasa nawe nisikilize, maana barua yako ilinifanya nilie kwa hasira siku nzima.

Umekaa Morogoro miaka mingi mpaka umesahau ukutila, mwiko wetu wa mke na baba mkwe wake? Nimwombe nani? Mimi nimwendee baba wa mume wangu, nisimame mbele yake, nimwambie habari za damu yangu? Wewe uliyenifunda mwenyewe kabla sijaolewa, ukaniambia nikisikia kikohozi chake nijibanze, nikikutana naye njiani niingie migombani na kugeuza uso? Nimefanya hivyo tangu siku ya kwanza. Wengine siku hizi wameacha, hasa wa mjini, lakini yeye hajaacha na mimi sijaacha. Mpaka leo sijawahi kumwona uso. Kanisani yeye anakaa mbele, mimi nakaa karibu na mlango nimeinamisha kichwa, nakijua kikohozi chake tu. Hata kumlalamikia kwenye barua naona natenda dhambi, na ndiyo maana nilikuambia mnavu umeadimika.

Kweli yenyewe ni hii. Tangu malori ya wachuuzi yaanze kufika huku kutafuta ndizi na parachichi, yale maparachichi tuliyokuwa tukiwaachia nguruwe sasa yana wenyewe. Yeye anashinda shambani kuyalinda, asubuhi mpaka jua linazama. Na shamba hilo ndilo liko nyuma ya nyumba yangu, na mnavu unaota chini ya miti hiyo. Siwezi kuingia yeye akiwemo. Tena ili wachuuzi waone shamba safi, anapalilia kila siku. Mnavu anaung'oa pamoja na magugu, kutoka ndani namsikia na jembe lake.

Si mtu mbaya, Shangazi. Kila asubuhi anaweka chakula changu juu ya jiwe la kunolea, mpakani mwa nyua zetu. Anakohoa, anaondoka, ndipo natoka kuchukua. Ananiwekea ndizi na maparachichi makubwa kuliko yote, yale ambayo wachuuzi wanayagombania. Ananipa kilicho bora alichonacho. Nitumeje mtu kumwambia kwamba hakifai? Nikimtuma mama Esnath, kesho Masukulu nzima itasema mkwe wa kina Ackson analalamikia chakula. Nikiomba mnavu kwa jirani, kitu kinachoota kwa kila mtu, watasema nanyimwa. Ningekuwa na mama mkwe, neno lingepita kwake.

Njoo, Shangazi. Wewe unaweza kuongea naye. Usimwandikie, nakuomba kwa jina la mama yangu marehemu, barua itamfedhehesha. Njoo mwenyewe.

Tulia


Morogoro
22 Juni 1995

Mwanangu Tulia,

Barua yako imechelewa njiani. Nimeisoma nimesimama dukani kwa Bwana Yussuph na nimelazimika kukaa juu ya gunia lake la chumvi.

Nimekosa. Nilikufunda mimi mwenyewe, kisha nikakaa huku na watu wanaokula sahani moja na wakwe zao mpaka nikasahau nilichokufundisha. Nilidhani nazungumza na msichana mwenye maringo.

Nitakuja. Kabla mwezi wa saba haujafika katikati utaniona nashuka Tukuyu. Lakini usinisubiri mimi, sikia. Mama anayeishiwa damu akifikia kujifungua ni hatari, nimeyaona kwa macho yangu na sitaki kukuandikia. Mwambie mama Esnath akupeleke hospitali sasa, acha aseme anachotaka. Aibu haijamwongezea mtu damu hata siku moja.

Nakuja.

Felista


Morogoro
30 Julai 1995

Tulia,

Sikuweza kuja. Kazi zimebana hapa hospitali, hawakunipa ruhusa. Usiniulize zaidi.

Niandikie mstari mmoja tu. Kila jioni napita kwa Bwana Yussuph na kila jioni anatikisa kichwa kabla sijamsalimu. Kama ni habari mbaya, mwambie kaka yangu aandike. Sipati usingizi.

Felista


Masukulu
3 Septemba 1995

Kwa Shangazi yangu Felista,

Shikamoo. Kaa kwanza juu ya gunia la chumvi. Mimi mzima. Nimekwishajifungua, mtoto wa kike, mdogo, aliwahi mwezi mzima, lakini analia kwa sauti ya mtu mwenye shamba lake. Baba yangu mzima. Mama mkwe amerudi kutoka Kyela. Ackson naye amekuja, bila dhahabu, tumempokea hivyo hivyo.

Sikumwambia mama Esnath. Najua utanigombeza. Nilisema nitasubiri uje, na siku ulizosema zikapita. Mwishoni mwa mwezi wa saba kulikuwa na msiba, kila mtu akaenda kuzika, nikamsikia na yeye mwenye nyumba ya juu anafunga mlango na kuondoka. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikaingia shambani. Jembe lake lilikuwa halijafika pembeni kabisa, kwenye bonde, na mnavu ulikuwepo, laini, umejaa. Nilifurahi, Shangazi. Nikainama nikachuma, nikajaza kiganja.

Nikasikia kikohozi. Alikuwa amerudi kuchukua koti lake, mvua ilikuwa inatishia. Nikataka kuinuka haraka nijifiche. Sikufika popote, miguu ilikataa na macho yakaingia giza. Nikaanguka hapo hapo.

Masikio yangu yalikuwa yanafanya kazi. Nilimsikia akisimama mbali. Akaita mama Esnath, akaita jina la kila mwanamke wa jirani, mmoja mmoja, kwa sauti iliyozidi kupanda. Wote walikuwa makaburini. Kisha akaacha kuita. Nikajua anafikiria, na nikajua anachofikiria. Nilitaka kumwambia aniache, nilikuwa nasikia aibu kuliko maumivu. Halafu nikamsikia anasema, kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayejibu aliyeulizwa: "Huyu ni mtoto wangu."

Akaja. Akachukua kitenge nilichojifunga mabegani akanifunika uso, vizuri, mpaka kidevuni, nisimwone wala asinione. Ndipo akaninyanyua. Ile njia ya kwenda barabarani unaijua ilivyo na utelezi. Alinibeba mikononi njia nzima, na kila alipoteleza alisema "pole", na mimi ndani ya kitenge sikuweza kumjibu.

Barabarani kulikuwa na lori la mchuuzi mmoja anaitwa Ali, anapakia parachichi. Alishusha magunia yake kwenye matope bila kuombwa.

Hospitali walitazama viganja vyangu wakaanza kukimbia. Nesi akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, anahitajika mtu wa kutoa damu, akiba hakuna. Nikasikia nje ya pazia: "Mimi." Wakampima. Ikakubali.

Sisi tulikuwa tunabishana kwa barua nusu mwaka kipi kinaongeza damu, tunda au jani. Na damu yenyewe ikatoka kwake.

Nesi ndiye aliyekuta mnavu mkononi mwangu. Nilikuwa sijauachia tangu shambani, umesagika. Akamuuliza mzee, huyu mgonjwa alikuwa anafanya nini na majani haya, na yeye akasema hajui. Nesi akamweleza yote uliyonieleza wewe, chuma, mafuta, limau, hata chai. Wanasema alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameshika kichwa mpaka wakamwomba ahame, wanafagia.

Sasa kila asubuhi juu ya jiwe nakuta mnavu umefungwa kwa gome la mgomba, parachichi moja lililoiva, na limau. Kile kipande cha bondeni amekizungushia uzio wa mianzi. Wachuuzi wanamcheka, mzee unawekea uzio magugu? Anawaambia wanunue kilichowaleta. Kukutana bado hatukutani. Anakohoa kama zamani, ila siku hizi anaanza kukohoa kutoka mbali kabisa, ili nisikimbie.

Sasa jambo lako. Kijana wa mama Esnath alipita Morogoro, akakuona sokoni, mbele ya duka la Yussuph. Alisema una meza ya mchicha. Alisema pia umekonda. Sikuulizi hospitali walikupunguza kazini lini, wala kwa nini hukuwa na nauli ukaniambia ni ruhusa. Usinijibu hilo. Mimi nilikuambia mnavu umeadimika, wewe ukaniambia kazi zimebana, tumelingana.

Ila najua unachokula huko. Unakula mchicha uliobaki mezani jioni, mtupu, kisha unaamka usiku kutafuta sufuria. Uliniandikia mwenyewe kwamba majani bila mafuta hayatoshi. Kwa hiyo pamoja na barua hii nampa kondakta gunia la parachichi, lichukue stendi. Mama mkwe alimwambia mzee kwamba shangazi yake Tulia ana majani huko mjini lakini hana tunda. Mzee akapanda juu ya mti mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie, na aliyachagua moja moja. Uyale, Shangazi. Usiyauze yote.

Mtoto tumemwita Felista. Ana vidole virefu vya Ackson na mdomo wako wa kugomba. Masikio yake ni makubwa, yamesimama, na kila anayekuja kumwona anacheka na kusema hayo ni ya babu yake kabisa, hakuna wa kubisha.

Mimi nawaitikia tu. Nikimnyonyesha namtazama masikio hayo muda mrefu, maana ya babu yake sijawahi kuyaona.

Mwanao,
Tulia